Marufuku ya bunduki za raia: mwenye cheti halali aogope nini?

Swali limetoka kwa msomaji wa Witu, Kaunti ya Lamu:

"Assalam alaykum. Mimi ni mkulima wa minazi na maembe. Nina bunduki ya marisawa ya mitutu miwili, ina cheti, na kila mwaka nakihuisha. Siku hizi naletewa sauti za WhatsApp zikisema serikali inajiandaa kupiga marufuku bunduki zote za raia, na kwamba itaanzia huku kwetu. Jirani ananishauri niifukie shambani kabla hawajaja. Mwingine asema ninunue risasi nyingi sasa hivi, maana zitakatazwa. Na tena, kwenye nyumba ya marehemu babu kuna gobori la kale limetundikwa darini, halina karatasi yoyote. Nifanyeje?"

Waalaykum salaam, mzee wangu. Nianze na yale yasiyongoja: usiifukie bunduki, usinunue risasi za akiba, na hilo gobori lishughulikiwe kabla ya mengine yote. Kati ya silaha zako mbili, gobori ndilo linaloweza kukupeleka mahakamani leo hii, bila marufuku yoyote kutangazwa. Bunduki yenye cheti haijapigwa marufuku Kenya. Lakini sitakutuliza kwa maneno matupu. Hofu yako ina mizizi, na anayekwambia hakuna kitu bila kukuonyesha mizizi yenyewe hajakusaidia.

Sheria inayohusika ni Sheria ya Silaha, Sura ya 114, iliyotungwa enzi za ukoloni na kurekebishwa mara nyingi tangu hapo. Msingi wake ni huu: hakuna ruhusa ya kununua, kupata wala kukaa na bunduki au risasi bila cheti, na cheti hakitolewi mpaka afisa aridhike kwamba una sababu ya maana na kwamba silaha mkononi mwako haihatarishi watu. Hapa ndipo tunapoachana na Marekani, ambako nyingi ya sauti hizo za WhatsApp zimetokea kabla ya mtu kuzitia Kiswahili. Kule, haki ya kumiliki silaha imo katika Marekebisho ya Pili ya Katiba tangu 1791, na mwaka 2008 Mahakama ya Juu iliamua katika kesi ya Heller kwamba haki hiyo ni ya mtu binafsi kuweka silaha nyumbani mwake ajilinde. Mwaka 2022, katika kesi ya Bruen, ikaongeza kwamba inahusu pia kutembea nayo nje ya nyumba. Katiba yetu ya 2010 haina kifungu cha namna hiyo. Ulicho nacho wewe ni ruhusa yenye masharti na yenye tarehe ya mwisho. Mmarekani anayepiga kelele kwamba bunduki zinakuja kuchukuliwa anazungumzia haki ya kikatiba. Ukiyabeba maneno yake hadi Witu, utajitetea kwa ngao usiyokuwa nayo, na ile uliyo nayo utaiacha ukutani.

Na ngao unayo. Kifungu cha 40 cha Katiba kinalinda mali ya mtu isichukuliwe hivihivi. Kifungu cha 47, pamoja na Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015, kinakupa haki ya kupewa sababu kwa maandishi pale uamuzi wa ofisi ya umma unapokuumiza, na haki ya kwenda mahakamani kuupinga. Marufuku kamili ingehitaji Bunge kubadilisha Sura ya 114, na Bunge halipitishi sheria bila kuwashirikisha wananchi; kifungu cha 118 kinalilazimisha. Waziri anaweza kutunga kanuni, lakini nazo lazima zipelekwe Bungeni ndani ya siku saba za vikao baada ya kuchapishwa. Jambo la ukubwa huo haliji usiku kwa sauti ya simu. Lingeonekana kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, likajadiliwa Bungeni, likafika kortini kabla halijafika Witu.

Kuhusu hilo la kuanzia Lamu, polisi na usalama wa taifa ni kazi ya serikali kuu. Bunge la kaunti na gavana hawana mkono katika leseni za bunduki. Linaloweza kuanzia Lamu ni operesheni ya usalama. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, yaliyoua zaidi ya watu 60 huko na vijiji vya jirani, kaunti nzima iliwekewa amri ya kutotoka nje usiku, na Septemba 2015 ikaanza operesheni ya Linda Boni, ya kuwasaka al-Shabaab katika msitu wa Boni. Wakati kama huo unaweza kutakiwa uonyeshe silaha yako au uiweke kituoni kwa muda. Hilo ni zito kwa mtu wa shamba, lakini halikunyang'anyi umiliki, ilimradi makabidhiano yameandikwa. Nitarudi kwenye maandishi hayo.

Sasa mizizi ya hofu. Wa kwanza ni wa 1977, serikali ilipopiga marufuku uwindaji wa kitalii nchi nzima, na mwaka uliofuata biashara ya nyara za wanyama. Kwa watu wa nyuma ya Malindi na Lamu waliokuwa wakiishi kwa kazi ya safari za uwindaji, riziki ilikatika kwa tangazo moja. Wazee wanaokumbuka hayo wana haki ya kuamini kwamba serikali ikitaka, inafunga mlango kwa siku moja. Ila tofautisha: kilichokatazwa ni kuwinda. Bunduki zenye cheti zilibaki kwa wenyewe, ingawa sababu ya wengi kuwa nazo iliondoka.

Wa pili haujulikani sana, na kwa maoni yangu ndio unaozalisha uvumi mwingi. Aprili 2004 Kenya na majirani zake walitia sahihi Itifaki ya Nairobi kuhusu silaha ndogo. Ndani yake mataifa yalikubaliana kuweka katika sheria zao katazo kamili kwa raia. Mtu akisoma mstari huo nusu, atakuapia kwamba marufuku imeshasainiwa. Usome wote: katazo kamili ni la silaha nyepesi za kivita, bunduki za rashasha, na raifo zinazofyatua risasi mfululizo au zinazojipakia zenyewe. Silaha ndogo nyinginezo, itifaki inakataza zisimilikiwe bila udhibiti, yaani inataka hicho hicho cheti ulicho nacho. Bunduki ya mitutu miwili inayokunjwa katikati na kutiwa risasi mbili kwa mkono haimo katika orodha ya katazo kamili. Mwenye raifo inayojipakia yenyewe ana sababu ya kufuatilia jambo hili kwa jicho kali zaidi yako. Sheria yetu wenyewe tayari imezitaja AK-47, G3 na MP5 kwa majina, na mtu akikutwa nazo kinyume cha sheria kifungo ni kirefu.

Wa tatu ni wa juzijuzi. Desemba 2018 Waziri wa Usalama wa Ndani aliamuru wenye bunduki wote wapigwe msasa upya ndani ya siku 90, vyeti vya zamani vikawa si kitu mpaka mwenyewe ajitokeze akaguliwe. Sababu aliyotoa ni kwamba vyeti vingi vilikuwa vimetolewa kwa njia za mkato. Watu waliofuata kila kanuni walijikuta wanapanga foleni pamoja na wale waliohonga. Kukasirika kwao kulikuwa haki, na serikali ingefanya vyema kulikiri hilo wazi. Lakini tazama nani alipoteza bunduki mwisho wa zoezi: asiyejitokeza, asiyekuwa na maelezo ya cheti chake kilipotoka, na yule ambaye namba ya bunduki yake haikulingana na iliyoandikwa. Mwaka uliofuata polisi wa akiba wa Laikipia na kaunti nyingine za kaskazini nao wakanyang'anywa silaha, picha zikasambaa huku Pwani zikiitwa bunduki za raia. Bunduki ya polisi wa akiba ni mali ya serikali, amekopeshwa, na hurudishwa inapotakiwa. Hata zile picha za milundo ikiteketezwa Ngong, bunduki 5,250 mwaka 2016 na 5,144 mwaka 2021, ni za silaha haramu zilizokamatwa au kusalimishwa. Kila picha hizo zinapozunguka upya, huzaliwa marufuku mpya midomoni mwa watu.

Ukitaka kujua marufuku kali zaidi duniani zilifika wapi, tazama nchi tatu. Uingereza, baada ya watoto 16 na mwalimu wao kuuawa Dunblane Machi 1996, ilikataza bastola karibu zote mwaka 1997. Australia, baada ya watu 35 kuuawa Port Arthur Aprili mwaka huohuo 1996, ilikataza raifo zinazojipakia, na bunduki za marisawa zinazojipakia au za kuvuta kwa mkono, ikanunua kwa wenyewe silaha kama 650,000. New Zealand ilifanya vivyo hivyo mwaka 2019 baada ya watu 51 kuuawa misikitini Christchurch. Katika nchi zote tatu mkulima mwenye bunduki ya mitutu miwili alibaki nayo kwa cheti. Katika zote tatu waliokabidhi silaha zilizokuwa halali walilipwa. Na Brazili walipowauliza wananchi kwa kura mwaka 2005 kama biashara ya silaha kwa raia ikomeshwe, asilimia 64 walikataa. Mjadala wa kudhibiti bunduki ni mkali kila mahali, na ni haki uwe mkali, kwa kuwa kuna maiti pande zake zote. Ila umbali kati ya udhibiti mkali na marufuku kamili ni mrefu kuliko wanavyousimulia wenye kuogopesha watu.

Linaloniuma mimi katika mjadala wa kwetu ni hesabu yake. Watafiti wa Small Arms Survey walikadiria kwamba mwaka 2017 raia wa Kenya walikuwa na bunduki 750,000. Zilizosajiliwa zilikuwa 8,136. Yaani katika kila mia moja, moja ndiyo yenye karatasi. Wenye vyeti wanasema wanasumbuliwa wao kwa sababu anwani zao zinajulikana, na wana haki ya kusema hivyo. Wanaodai udhibiti wanajibu kwamba karibu kila bunduki ya kiwandani iliyo mkononi mwa jambazi ilitoka kiwandani ikiwa halali, ikavuja njiani kwa wizi, kwa kukodishwa, kwa askari asiye mwaminifu au kwa mwenye cheti aliyelala. Nao wana haki. Kwa hiyo pale unapoifunga yako vizuri, unafanya sehemu yako ya udhibiti ambayo hakuna waziri anayeweza kuifanya kwa niaba yako.

Nikwambie basi kinachowaondolea watu bunduki zao kweli, mwaka nenda mwaka rudi.

Kwanza ni tarehe. Cheti kina muda, kwa kawaida mwaka mmoja, na siku kinapokwisha unakuwa mtu aliye na bunduki bila cheti, hata kama kimezidi kwa siku moja. Anza kukihuisha miezi mitatu kabla. Ombi hupitia kituo cha polisi cha eneo lako na kamati za usalama kabla halijafika kwenye Bodi ya Leseni za Silaha Nairobi, na kila meza ina siku zake. Cheti cha tabia njema kinachotokana na alama za vidole ndicho huchelewesha wengi, na kwa wakulima na wavuvi kuna kikwazo ambacho hakisemwi: ngozi ya vidole iliyolika kwa jembe au kamba haitoi alama safi, ukarudishwa ukapige upya. Wiki moja kabla ya kwenda, pumzisha mikono na uipake mafuta kila usiku. Ukishawasilisha, dai risiti yenye tarehe na uitunze pamoja na cheti kinachokwisha. Ndiyo ushahidi kwamba hukuzembea.

Pili ni risasi, na hapa ushauri wa huyo jirani wa pili ni mbaya kuliko anavyodhani. Cheti chako hakitaji bunduki peke yake. Kinataja pia idadi ya risasi unazoruhusiwa kununua na idadi unayoruhusiwa kuwa nayo kwa wakati mmoja. Ukirundika kuzidi hapo kwa kuogopa marufuku, umeuvunja mwenyewe ule uhalali uliokuwa ukikulinda. Chukua daftari la shule, chora safu tano: tarehe, zilizonunuliwa, zilizotumika na kwa kazi gani, zilizobaki, namba ya risiti ya duka. Mkaguzi akiona daftari linalolingana na kasha, ukaguzi huwa mfupi.

Tatu ni namba. Bunduki nyingi za mitutu miwili zilizoko mashambani ni za zamani, na baadhi zimebadilishwa mtutu zamani hizo. Kunja bunduki yako, itazame mchana kwenye mwanga: namba iliyo chini ya mitutu na ile iliyo kwenye mwili wa bunduki zinapaswa kuwa sawa, na zote zilingane na cheti. Zikitofautiana, au kutu imekula tarakimu moja, nenda ukaeleze mwenyewe kabla hujaitwa. Usiisugue namba kwa msasa wala usiichonge upya ili isomeke. Namba iliyoguswa huonekana kama namba ya bunduki iliyoibwa, na hutaweza kuthibitisha kwamba ulikuwa unasafisha tu.

Nne ni pahali inapolala, na kwa Pwani hili lina mambo yake. Sefu ya chuma isipungue milimita 2 unene. Lakini nyumba zetu nyingi zina kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, na jiwe hilo ni laini: boliti za kupanuka hushika siku ya kwanza, na baada ya mvua mbili za masika tundu limekuwa unga, sefu inang'oka kwa mikono. Njia mbili zafaa. Ama upitishe boliti hadi upande wa pili wa ukuta na uzibane kwa bamba la chuma, ama umwage zege la sentimita 15 sakafuni na vyuma vya kufungia sefu vizamishwe humo kabla halijakauka. Risasi zikae kwenye kisanduku chake chenye kufuli yake, juu, mbali na sakafu. Funguo ni zako peke yako. Mwanao akifungua sefu ukiwa Malindi hospitalini na akaishika bunduki, kwa sheria yeye ni mtu aliye na silaha bila cheti, na wewe ni mtu uliyeshindwa kuihifadhi.

Hewa ya chumvi nayo ni adui. Ala ya ngozi au kitambaa hufyonza unyevu na kuushikiza kwenye chuma, kwa hiyo ala ni ya safari tu. Futa mitutu nje na ndani kila wiki kwa mafuta mepesi ya bunduki. Mafuta ya nazi yasitumike, hunata na kuvuta vumbi mpaka kifyatulio kinakuwa kizito. Risasi ambayo kitako chake cha shaba kimeota ukungu wa kijani, au ganda limevimba lisiingie kwa urahisi, usiilazimishe; ipeleke kwa muuzaji au polisi. Na kabla ya kutia risasi yoyote, chungulia mtutu kutoka nyuma uone mwanga upande wa pili. Nyigu wa udongo hujenga kwenye tundu lolote lililotulia kwa siku chache, na donge dogo kama kidole gumba linatosha kupasua mtutu mbele ya uso wako. Ajali nyingine inayojulikana kwa bunduki ya geji 12 ni risasi ya geji 20 kuingizwa kwa bahati mbaya (geji ni kipimo cha upana wa mtutu, na ya 20 ni nyembamba kuliko ya 12): huteleza, hukwama mbele kidogo, mtu akadhani mtutu mtupu, akatia ya 12 nyuma yake. Geji 20 usiwe nayo ndani ya nyumba kabisa.

Tano ni matumizi. Cheti hakikupi ruhusa ya kuua nyati, kiboko, ngiri wala nyani anayekula mahindi. Hao ni wa Shirika la Wanyamapori (KWS), na kuwapiga ni kosa chini ya sheria ya 2013, ukiwa na cheti au bila. Piga simu KWS, andika tarehe, piga picha za uharibifu, jaza fomu ya fidia. Sheria hiyohiyo inataja fidia ya shilingi milioni 5 kwa mtu aliyeuawa na mnyama na hadi milioni 3 kwa aliyelemazwa, ingawa malipo huchelewa mno, na kuchelewa huko ni dhuluma kwa watu wa mipakani mwa misitu. Wala cheti hakikupi ruhusa ya kumpiga mwizi wa nazi anayekimbia. Nguvu ya kujilinda hupimwa na hatari iliyokuwa mbele yako wakati huo, na mtu aliyekupa mgongo si hatari.

Utasikia pia hoja kwamba baada ya yaliyotokea Mpeketoni, kila nyumba ya Lamu ingepewa bunduki. Naielewa, kwa sababu watu walizika jamaa zao. Lakini waliovamia vijiji walikuja kwa makundi, na silaha za rashasha. Mtu mmoja mwenye risasi mbili kwenye mitutu hawazuii, na wakijua anayo wataanzia kwake ili waichukue. Kijiji kinalindwa na kituo cha polisi kilicho karibu, gari lenye mafuta, mtandao wa simu unaoshika na watu wanaoaminiana kutoa habari. Hayo ndiyo ya kuyadai barazani kwa sauti.

Sasa, ikitokea umeitwa kupigwa msasa tena, au kuna agizo la kuweka silaha kituoni, fuata utaratibu huu. Hakikisha kwanza kwamba agizo lipo kwa maandishi: uliza kwa OCS mwenyewe, yaani mkuu wa kituo cha polisi, si kwa simu ya mtu asiyejulikana. Wakija watu nyumbani wakidai wametumwa kukusanya bunduki bila barua wala vitambulisho, waambie utaipeleka kituoni, na umpigie OCS wakiwa hapohapo. Siku ya kupeleka, ibebe ikiwa tupu na imekunjwa ndani ya ala, risasi kwenye mfuko mwingine, cheti halisi mfukoni. Kwenye kizuizi cha barabarani sema mapema kwamba umebeba silaha, kabla askari hajafungua mlango. Kituoni, hakikisha makabidhiano yameandikwa kwenye kitabu cha matukio (OB), namba ya bunduki, aina, idadi ya risasi na hali yake. Ondoka na namba ya OB na risiti yenye jina, namba ya askari na sahihi. Usimkabidhi chifu wala mzee wa mtaa kwa kuaminiana, hata akiwa mkweo. Bunduki nyingi zilizopotea mikononi mwa ofisi zilipotea kwa sababu mwenyewe hakuwa na kipande cha karatasi cha kuidai.

Kufukia je? Udongo wetu una chumvi. Masika moja yatosha kuila mitutu isifae tena. Na sheria inakutaka uihifadhi salama na utoe taarifa mara moja ikipotea. Ukiitwa ukashindwa kuionyesha, utachagua kati ya kukiri umeificha na kudanganya kwamba imeibwa. Hakuna njia ya tatu, na zote mbili zinakuvua cheti.

Limebaki gobori la babu. Nalijua lina heshima yake katika nyumba. Magobori yalienea Pwani hii kwa sababu pia ya udhibiti wa zamani: Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia raifo za kisasa zisiingizwe sehemu kubwa ya Afrika, ukaacha mwanya kwa bunduki za kizamani zenye mtutu laini. Lakini sheria ya leo inahesabu kuwa silaha kitu chochote chenye mtutu kinachoweza kurusha kitu cha kuua, kiwe kimeshindiliwa mwaka huu au zamani za wakoloni. Kuwa kumbukumbu ya ukoo hakuliondolei hukumu hiyo.

Kabla ya kuligusa, chukulia kwamba limeshindiliwa. Wazee wengi waliyatundika yakiwa na baruti tayari kwa dharura, na baruti nyeusi ikikaa pakavu haifi upesi. Kuna kipimo ambacho fundi hukitumia: hupitisha mdeki au ufito mkavu mtutuni polepole mpaka ukome, huutia alama mdomoni, kisha huulaza nje sambamba na mtutu. Ncha ikifika kwenye tundu la fataki, ni tupu. Ikiishia vidole viwili vitatu kabla, ndani mna kitu. Wewe usikipime, nakueleza ili ujue kwa nini halifai kuchezewa. Usilishushe, usivute jogoo, usilimwagie maji, usilipashe moto, wala mtoto asikae chini yake. Usilibebe kwenye pikipiki kulipeleka kituoni.

Nenda mikono mitupu kwa OCS wa Witu, pamoja na mtu mmoja wa ukoo na, kama ipo, hati ya kifo cha babu. Sema kwamba mumekuta silaha ya kale katika mirathi, haina cheti, hamjui kama imeshindiliwa, na mnaomba waje waichukue. Hakikisha maneno hayo yameandikwa kwenye OB siku hiyohiyo, yakianza na kwamba ninyi ndio mliotoa taarifa. Kama ukoo unataka kumbukumbu isipotee, ombeni kwa barua kwamba baada ya kukaguliwa na kufanywa isifyatuke, lipelekwe Makumbusho ya Lamu kwa jina la babu yenu. Nakala ya barua hiyo ipigwe muhuri na kituo.